Mzee kaambiwa figo zimefeli: hasa kimetokea nini?

Mombasa, habari ya "figo zimefeli" huenea kabla mgonjwa hajapata kitanda. Asubuhi mama mtu mzima kapelekwa hospitali kwa kuharisha na mwili kulegea. Adhuhuri majibu ya damu yametoka. Kufika alasiri, kundi la WhatsApp la ukoo limeshaanza mchango, mmoja anauliza bei ya mashine, mwengine anamjua mtu aliyekwenda India kubadilishwa figo, na shangazi katuma picha ya majani ya kuchemshwa. Katika pilikapilika zote hizo, swali moja halijaulizwa: figo hizi zimefeli tangu lini?

Jibu lake hubadilisha kila kitu. Kuna ugonjwa sugu wa figo, unaozila figo polepole kwa miezi na miaka, mara nyingi kwa sababu ya sukari au presha, na sehemu iliyokufa hairudi. Na kuna figo kuumia ghafla: figo zilizokuwa zikifanya kazi yake juzi, leo zimepunguza kazi au zimesimama, ndani ya saa au siku chache tu. Hili la pili huwakumba sana wazee wanapougua kitu chengine kabisa, na wengi hawajui hata kwamba lipo. Likiwahiwa, mara nyingi figo hurudi. Likichelewa laweza kuua ndani ya siku chache.

Yote mawili yaweza kumkuta mtu mmoja. Mzee ambaye figo zake zimechoka kidogo kwa sukari ya miaka mingi, akiharisha siku mbili, anaumia ghafla juu ya ugonjwa wa zamani. Hata hapo lile la ghafla hutibika, na figo zikarudi pale zilipokuwa, au karibu na hapo.

Neno "kuumia" lisikupeleke kwenye pigo la mgongoni. Mgonjwa hakuanguka wala hakupigwa. Figo zimeumia kwa ndani, kwa kukosa damu, kwa sumu, au kwa kuzibwa njia.

Maji hayapandi ghorofani

Figo mbili za mtu mzima hupokea takriban lita moja ya damu kila dakika. Ndani ya kila moja mna vichujio vidogo vinavyokaribia milioni. Kwa siku nzima vichujio hivyo huchuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu, kisha karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachobaki, lita moja na nusu hivi, ndicho mkojo. Pamoja na mkojo hutoka taka za mwili, chumvi ya ziada na madini kama potasiamu.

Kazi hiyo yote inategemea msukumo wa damu. Mkaazi wa ghorofa ya nne pale Majengo au Tudor hahitaji kufundishwa hili. Mfereji wake waweza kuwa mzima na chujio lake jipya, lakini tanki la juu likipungua maji, kinachotoka ni hewa na mlio. Fundi akiitwa, ana mambo matatu ya kuangalia: maji yanafika? Chujio lenyewe ni zima? Bomba la kutolea maji machafu limeziba? Daktari aliyeletewa mzee ambaye figo zimesimama huuliza maswali hayo hayo matatu, na kwa mpangilio huo huo.

Kwa wazee, jibu mara nyingi liko kwenye swali la kwanza. Damu haifiki kwa nguvu ya kutosha kwa sababu mwili umekauka: kuharisha, kutapika, homa, joto, kutokula, au kutokwa na damu. Wakati mwengine maji yamo mwilini lakini moyo umechoka hausukumi, au maambukizi makali yameshusha presha. Hapa figo zenyewe bado ni nzima, zimekosa kazi tu. Rudisha maji na msukumo mapema, nazo huamka. Ziache katika ukame huo kwa muda mrefu, seli za ndani huanza kufa, na tatizo la tanki linageuka tatizo la chujio.

Swali la pili ni la chujio. Malaria kali huweza kulijeruhi moja kwa moja. Maambukizi yaliyoingia kwenye damu vilevile, na baadhi ya dawa, kama sindano za gentamicin zikitolewa bila kupimiwa kiasi kulingana na figo za mgonjwa.

Swali la tatu ndilo rahisi kulitatua, nalo husahaulika ajabu. Mwanamume wa miaka 70 ambaye tezi dume imevimba anaweza kuzibwa kabisa, mkojo ukajaa kibofuni na kurudi nyuma hadi kwenye figo. Kinachopotosha familia ni kwamba bado anadondosha matone, nguo inalowa, basi wanasema "anakojoa, tena anakojoa ovyo". Hayo ni mafuriko ya kibofu kilichojaa. Chini ya kitovu patakuwa pamevimba na pagumu. Mara nyingi dawa yake ni mpira wa mkojo, unaowekwa kwa dakika chache, na figo huanza kurudi ndani ya siku. Vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi vinaweza kuianzisha ziba hiyo kwa mzee ambaye tezi yake tayari ni kubwa. Kwa wanawake, uvimbe wa nyonga au saratani ya shingo ya kizazi huweza kuibana mirija ya mkojo kwa namna hiyo hiyo.

Kwa nini wazee

Kuanzia miaka ya arobaini hivi, uwezo wa figo wa kuchuja hupungua kidogo kidogo kwa watu wengi, hata wasiokuwa na maradhi. Mzee wa miaka 75 anaishi vizuri na akiba aliyobakiwa nayo, ila ni akiba ndogo. Tena figo zake haziwezi tena kuubana mkojo na kuhifadhi maji kama za kijana. Hata akiwa amekauka, bado anapoteza maji.

La kutisha zaidi ni kiu. Kiu ya mzee hupungua. Kijana akikaukiwa, koo linamwambia. Mzee anaweza kukaa barazani toka alasiri mpaka isha, kahawa chungu vikombe viwili vidogo tu, na akiulizwa atasema hana kiu, naye anasema kweli.

Kisha kuna yale ya nyumbani ambayo hayamo kwenye kitabu cha udaktari. "Mimi maji jioni sinywi, mwanangu, choo kiko mbali." Wazee wangapi wa mji huu wanaishi kwa kanuni hiyo? Nyumba za Mji wa Kale zina ngazi zilizosimama wima, magoti yanauma, taa za ukumbini hazipo, na mtu akianguka usiku ndiyo mwisho wa kutembea. Au maji ya mfereji yamekatika wiki nzima, ya kisima ni ya chumvi, na mitungi ya mkokoteni ni ya kununua, basi mzee anajibania ili wajukuu wapate. Ukimwambia mtu kama huyu "kunywa maji mengi", hujamsaidia kitu mpaka umtatulie choo. Ndoo yenye kifuniko kando ya kitanda inaweza kumkinga figo kuliko hotuba yoyote.

Vitu vitatu vikikutana

Mkasa wenyewe kwa kawaida huwa hivi. Mama wa miaka 74 ana presha, anatumia vidonge vyake vizuri: enalapril au losartan, pamoja na dawa ya maji, ile ya kuongeza mkojo, hydrochlorothiazide au furosemide. Magoti yanamuuma, kwa hiyo kila asubuhi anameza diclofenac aliyonunuliwa duka la dawa. Ameishi hivyo mwaka mzima bila tatizo. Siku moja anakula kitu kibaya, anaharisha na kutapika. Kwa kuwa ni mtu makini, hakosi dawa hata moja. Siku ya tatu haamki vizuri, anaweweseka, anamwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekufa.

Rudi kwenye lile tanki. Kila kichujio cha figo kina koki mbili ndogo kwenye mishipa yake, moja pale damu inapoingilia na moja pale inapotokea. Msukumo ukishuka, figo hujiokoa kwa kufungua ya kuingilia na kukaza ya kutokea, ili chujio lisikose shinikizo. Diclofenac, ibuprofen na ndugu zao huizuia ile ya kwanza isifunguke. Enalapril na losartan huizuia ile ya pili isikaze. Dawa ya maji imeshusha tanki, na kuharisha kumelikausha. Kila dawa peke yake, kwa siku ya kawaida, haikuwa na ubaya mkubwa. Zikikutana zote katika mwili uliokauka, figo haina tena namna ya kujiokoa.

Sasa hapa ndipo watu hukosea kwa upande mwengine. Wakisikia hivi, wanaenda kutupa vidonge vya presha. Hapana! Enalapril na losartan, siku za uzima, huzilinda figo, hasa za mwenye sukari. Presha isiyotibiwa ndiyo mojawapo ya njia kuu za kwenda kwenye ugonjwa sugu. Kinachotakiwa ni mpango wa siku za ugonjwa, uliokubaliwa na daktari kabla ugonjwa haujaja: nikiharisha au kutapika sana nisiweze kula wala kunywa, kidonge kipi nikisimamishe kwa muda, na nikirudie lini? Kwa kawaida dawa hizo hurudiwa mtu akishakula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Metformin ya sukari nayo iulizwe katika mazungumzo hayo hayo, maana figo zikisimama hujikusanya mwilini. Ukienda kliniki, lichukue swali hili kabla ya kuuliza lolote jengine. Wengi hawajawahi kuambiwa.

Dawa za maumivu za ukoo wa diclofenac na ibuprofen zina hukumu kali zaidi kwangu. Mzee mwenye presha, sukari, moyo dhaifu au figo zilizopungua nguvu hafai kuzitumia kila siku kwa kujinunulia, basi. Paracetamol kwa kipimo sahihi ndiyo salama zaidi kwa figo zake. Shida ni kwamba wengi hawajui wanameza nini. Ukimwambia bibi amwage mfuko wake wa dawa mezani, zitatoka bahasha ndogo za kaki zilizoandikwa kwa kalamu "1x3", hazina jina, hazina tarehe. Ndani tembe nyeupe, tembe nyekundu. "Hii ya mifupa, hii ya kulalia, hii alinipa jirani." Unaponunua dawa, dai jina liandikwe kwenye bahasha. Ni haki yako na haina gharama. Na zile chupa za "dawa ya mifupa ya asili" zinazofanya maajabu usiku mmoja, zitilie shaka: katika nchi kadhaa bidhaa za namna hiyo zimepimwa zikakutwa zimechanganywa na diclofenac au dawa za aina ya steroidi bila kuandikwa.

Sanamaki, haluli, mbirimbi na madafu

Pwani tuna mazoea ya kusafisha tumbo. Kuna sanamaki, kuna chumvi ya haluli. Kwa kijana mzima, siku moja ya kukimbilia chooni hupita. Kwa mzee anayetumia dawa ya maji, katika joto la kaskazi, kuharishwa kwa makusudi ni kulitoboa tanki ambalo tayari limepungua. Haluli ina jambo la ziada: ni magnesiamu, na magnesiamu hutolewa na figo. Figo zikiwa zimelala, inabaki kwenye damu, na ikizidi hulegeza misuli, hushusha presha na kupunguza pumzi.

Mbirimbi wa kwenye achari haumdhuru mtu kwa kijiko kimoja cha kulia wali. Habari ni nyengine mtu anapokamua matunda mengi mabichi akanywa glasi ya maji yake makali kila siku kwa kuambiwa yanashusha sukari au mafuta. Mbirimbi una asidi ya oksaliki kwa wingi, ambayo hugeuka chembe ngumu ndani ya figo. Madaktari wa Kerala, India, mwaka 2013 waliandika juu ya wagonjwa kumi walioumia figo ghafla baada ya kunywa maji ya mbirimbi yaliyokolea. Walipata nafuu, lakini baadhi yao walipitia kwanza kwenye mashine.

Madafu je? Hapa kuna imani mbili zinazogombana, na zote zina ukweli nusu. Wanaosema madafu ni mazuri kwa aliyekauka hawajakosea sana, mradi figo zake zinafanya kazi na anakojoa, ingawa kwa anayeharisha ORS ya pakiti ni bora, kwa kuwa ina chumvi ya sodiamu ambayo dafu halina ya kutosha. Wanaosema dafu "linaosha figo" ndio wanaohatarisha. Dafu lina potasiamu nyingi. Figo zikiwa zimesimama, potasiamu haina pa kutokea, na ikipanda sana kwenye damu husimamisha moyo, pengine bila dalili yoyote ya kuonya. Jamaa anayemletea mgonjwa aliyelazwa kwa figo madafu matatu kutoka barabarani anafanya kwa mapenzi, lakini amuulize nesi kwanza. Vivyo hivyo ndizi, juisi ya machungwa na supu ya nyanya nzito.

Joto na saumu

Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, kilele cha joto la kaskazi. Wazee wengi wa hapa hawataki kusikia habari ya kutofunga, na mjukuu hana ubavu wa kumwamrisha babu. Lakini sheria yenyewe ina mlango: Sura ya Al-Baqara, aya ya 184, inamruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyengine, na wale wanaoifunga kwa mashaka makubwa, walishe maskini kwa fidia. Mwenye presha na figo dhaifu amwone daktari na shehe wake wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Dawa huenda zikapangwa upya kati ya futari na daku, au dawa ya maji ikapunguzwa. Akianza kuharisha au kutapika akiwa amefunga, afungue siku hiyo hiyo. Asisubiri magharibi.

Haiumi

Imani iliyokita zaidi ni kwamba figo zikiharibika mgongo utauma. Maumivu ya mgongo wa chini kwa mzee mara nyingi ni ya mifupa na misuli. Figo kuumia ghafla, isipokuwa kama kuna jiwe au ziba, kwa kawaida hakuumi. Na mzunguko mbaya ni huu: mgongo unauma, mtu anadhani ni figo, ananunua diclofenac kuitibu "figo", na diclofenac ndiyo inayoziumiza.

Cha kuangalia ni mkojo, na akili. Kipimo kimoja cha madaktari ni mkojo chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya mwili kwa saa, kwa saa sita mfululizo. Kwa mama wa kilo 60 hiyo ni chini ya mililita 180 kutoka asubuhi hadi mchana, yaani hata nusu ya chupa ya maji ya nusu lita haijafika. Huna haja ya kupima nyumbani kwa mililita, uliza tu, "Mama, leo umekwenda haja ndogo mara ngapi?" Kama jibu ni mara moja toka alfajiri, tena mkojo kidogo na mweusi kama chai ya rangi, jambo hilo ni la leo, halingoji kesho. Wapo ambao mkojo unaendelea kutoka na figo zimeumia, kwa hiyo kukojoa peke yake kusikuondolee wasiwasi.

Akili ya mzee ikibadilika ghafla, akaanza kusema yasiyokuwepo au kulala mchana kutwa, watu hapa huwaza mambo mengi: uzee, kusahau, jicho, jini. Mabadiliko ya siku moja au mbili karibu kila mara yana ugonjwa nyuma yake, na figo ni mojawapo. Kichefuchefu, kwikwi isiyokatika, miguu kuvimba na pumzi kuwa fupi akilala chali huongezea ushahidi. Pumzi ikiwa fupi, au mkojo ukiwa hakuna kabisa, ni usiku huo huo. Habari ya kungoja kliniki ya Jumatatu haipo.

Karatasi ya maabara inaweza kukudanganya

Kipimo kikuu ni kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli na kutolewa na figo. Figo zikipunguza kazi, hupanda kwenye damu. Ni kipimo cha kawaida, hospitali nyingi za serikali na za watu binafsi mjini zinacho.

Mtego uko hapa. Mama mwembamba wa miaka 80 ana misuli michache, kwa hiyo kreatinini yake ya siku zote ni ndogo, tuseme 55 (mikromoli kwa lita ya damu). Leo ni 95. Karatasi ina safu ya kiwango cha kawaida, na 95 huenda ikaangukia ndani yake, au ikapita kidogo tu, wala haina alama nyekundu. Aliyeitazama harakaharaka atasema figo ni nzima. Kumbe imepanda zaidi ya mara moja na nusu, na kipimo kinachotumiwa na madaktari duniani tangu mwaka 2012 kinasema kupanda kwa mara moja na nusu ndani ya siku saba, au kuongezeka kwa 26.5 ndani ya saa 48, tayari ni figo kuumia ghafla. Mara mbili ni daraja la pili, mara tatu ni la tatu.

Basi namba ya leo peke yake haisemi mengi. Inahitaji namba ya zamani ya kulinganishia. Kila mzee mwenye presha au sukari apimwe angalau mara moja kwa mwaka akiwa mzima, na karatasi ipigwe picha ibaki kwenye simu ya mtoto wake. Mafaili hospitalini hupotea, na usiku wa manane daktari wa zamu hana muda wa kuyatafuta. Picha ile yaweza kumwambia kwa sekunde moja kama anatibu kitu cha jana au cha miaka kumi.

Mashine si kifungo

Wengi hawahitaji mashine. Matibabu ya mwanzo ni ya kawaida mno, hata jamaa huona hawafanyiwi kitu: kusimamisha dawa zinazoumiza, kuwekewa dripu ya maji kwa kipimo ikiwa amekauka, kutibu maambukizi, kuweka mpira kama njia imeziba, kupima mkojo kila saa na damu kila siku. Hapa inakuja imani nyengine, kwamba maji yakizidi ndiyo heri. Mtu ambaye figo hazitoi mkojo, au moyo wake ni dhaifu, maji ya kulazimishwa huishia kwenye mapafu. Ndiyo maana wodini mgonjwa mmoja anahimizwa anywe na wa kitanda cha pili anapimiwa kikombe. Jamaa wasihamishe ushauri kutoka kitanda hadi kitanda.

Mashine ya kusafisha damu, dayalisisi, huitwa pale potasiamu inapokataa kushuka, mapafu yanapojaa maji, damu inapokuwa na asidi nyingi, au taka zinapoanza kuuzima ubongo. Hospitali Kuu ya Pwani inayo, na baadhi ya hospitali za binafsi mjini pia. Gharama imo katika mafao ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mradi michango ya mtu haijalala.

Hofu kubwa niliyoisikia ni hii: "Ukianza mashine, huitoki." Imetokana na kuona. Jirani alianza, akaenda mara mbili kwa wiki, mpaka akafariki. Lakini jirani huyo figo zake zilikuwa zimekwisha kwa ugonjwa sugu. Mashine ilimkuta hivyo, haikumfanya hivyo. Kwa aliyeumia ghafla, mashine hushika zamu mpaka figo ziamke, na wengi huiacha baada ya siku au wiki kadhaa. Mtu wa kwanza kuokolewa na mashine ya figo alikuwa mzee wa namna hii hasa. Daktari Willem Kolff, Mholanzi, aliyeitengeneza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa kutumia ngozi bandia za kufungia soseji, alipoteza karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo. Mwaka 1945 alimuunganisha mama wa miaka 67 ambaye figo zake zilisimama ghafla, naye yuko katika koma. Aliamka. Figo zake zikarudi, akaishi miaka mengine kadhaa bila mashine.

Si wote wanaorudi. Mzee aliyeingia na figo dhaifu, au aliyechelewa siku nyingi, anaweza kubaki na hasara ya kudumu, na wengine hufa, mara nyingi kwa ugonjwa uliozipiga figo, kama maambukizi ya damu. Familia inayokataa mashine kwa kuogopa kifungo, lakini, huwa inakataa kitu ambacho hakikuwapo.

Akisharudi nyumbani

Kosa la mwisho hufanyika mlangoni mwa hospitali. Mzee amepona, kreatinini imeshuka, karatasi ya kuruhusiwa imekunjwa mfukoni. Nyumbani kuna mfuko wa dawa za zamani, na ile diclofenac bado imo. Nyengine zilizosimamishwa hazikurudishwa na hakuna aliyesema zirudi lini, basi presha inapanda kimyakimya mwezi mzima. Kabla ya kutoka wodini, muombe daktari au nesi aandike mambo mawili kwa herufi zinazosomeka: dawa zipi zisiliwe tena kabisa, na zipi zirudiwe, tarehe gani.

Damu ipimwe tena baada ya wiki moja au mbili, kulingana na alivyotoka, kisha mnamo miezi mitatu ipimwe damu pamoja na mkojo kuangalia protini. Miezi mitatu ndiyo mpaka: namba ikiwa bado juu hapo, jina la ugonjwa linabadilika kuwa sugu, na mzee anahitaji kliniki ya kudumu. Hata namba ikiwa imerudi sawasawa, aliyeumia mara moja ni rahisi kuumia tena, kwa hiyo kila anayemtibu baada ya hapo aambiwe: wa meno anayetaka kumpa dawa ya maumivu, wa mifupa, yule wa CT scan anayetaka kumchoma dawa ya rangi, na kijana wa duka la dawa pale mtaani anayemjua bibi kwa jina na hajui chochote kuhusu figo zake.